JE, KIFO CHA WENGI NI ARUSI?

Kila mwaka, mwezi wa Januari, vituo vyetu vya mabasi hujaa vijana na masanduku yao. Baba amebeba godoro, mama ameshika ndoo yenye sabuni na sukari, na kijana mwenyewe, katika sare mpya, anatazama huku na huku asijue kama afurahi au alie. Kabla ya basi kuondoka, mama humvuta kando, humtia rozari mkononi, humwambia: "Mwanangu, usimsahau Mungu." Kisha basi huenda zake, na wazazi hurudi nyumbani wakihesabu watapata wapi fedha za muhula ujao.

Twapenda leo kuzungumza na familia zetu juu ya maneno hayo ya mama. Ni wosia mwema, wala hatuna mwingine wa kuupita. Lakini yatupasa tujiulize: huko aendako kijana, ni kitu gani hasa kitakachomsahaulisha Mungu? Si serikali. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa kufuata dini yake. Wala kwa kawaida si walimu. Kijana anaposhuka katika basi lile anakutana na kitu chenye nguvu kuliko fimbo ya mwalimu, nacho ni wenzake.

Tunaposema wenzake, hatusemi kwamba ni vijana wabaya. Wengi wao wametoka katika nyumba kama zetu, nao pia walitiwa rozari mkononi. Lakini wakikusanyika huwa na msemo wao, ambao wameurithi kwetu sisi wazee: kifo cha wengi arusi. Mtihani ukivuja, wanaambiana kwamba wakikamatwa watakamatwa wote. Mgeni wa kidato cha kwanza akionewa bwenini, kila mmoja hunyamaza kwa kuwa wote wamenyamaza. Ndipo swali linapokuja, nalo ni swali gumu kuliko linavyoonekana: Je, jambo lililo baya kwa mtu mmoja laweza kuwa jema, au hata jepesi tu, kwa sababu limefanywa na wengi?

Mtu aweza kutujibu upesi: "Basi kijana na ajitenge na wenzake, asali, asome, arudi nyumbani salama." Jibu hilo halitufai. Mungu mwenyewe aliona kwamba si vema mtu awe peke yake, na Bwana wetu alipoanza kazi yake alijichagulia wenzi kumi na wawili. Kijana wa miaka kumi na mitano huhitaji rafiki kama ahitajivyo chakula, na anayemwambia asiwe na rafiki anamwagiza jambo lisilowezekana. Swali si kama atakuwa na wenzi. Swali ni umoja wao utakuwa wa namna gani.

Tumfikirie kijana mmoja Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alikuwa amerudi nyumbani kutoka shule ya Madaura, kwa maana baba yake, mtu asiye na mali nyingi, alikuwa bado akikusanya fedha za kumpeleka kusoma Karthago. Wazazi wetu wanaouza mahindi na kahawa ili kulipa ada watamwelewa vizuri baba huyo. Basi, katika mwaka ule wa kukaa bila kazi, usiku mmoja kijana huyu na kundi la rafiki zake waliuendea mti wa jirani, wakautikisa, wakachukua mzigo mzima wa mapeasi. Hawakuwa na njaa. Yeye mwenyewe alikuwa nayo mengi, tena mazuri kuliko yale. Walionja machache, yaliyobaki wakawatupia nguruwe.

Kijana huyo ndiye Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo na Mwalimu wa Kanisa. Miaka mingi baadaye, alipoandika kitabu chake cha Maungamo, aliurudia wizi ule mdogo na kuuchunguza kwa uangalifu ambao wengi wetu hatuutumii hata kwa dhambi kubwa. Alitaka kujua kwa nini aliiba kitu asichokihitaji. Jibu alilolipata ni hili: kama angalikuwa peke yake, asingalifanya. Anakiri tena kwamba siku zile, aliposikia wenzake wakijisifia uovu, aliona aibu kuonekana mwema kuliko wao, hata akajisingizia makosa ambayo hakuyatenda.

Imepita miaka zaidi ya 1600, wala hatuoni kwamba mambo yamebadilika sana. Mwulizeni kijana yeyote anayesoma katika shule ya bweni. Atawaambia kwamba usiku wa kwanza alipiga magoti kando ya kitanda kama alivyozoea nyumbani, mtu akacheka, na usiku wa pili alisali amejifunika blanketi, na wa tatu akalala. Hakuna aliyemkataza kusali. Mtume Petro naye hakutishwa kwa upanga usiku ule wa Alhamisi Kuu. Aliulizwa tu na kijakazi, watu wakiota moto, naye hakutaka kuondoka penye moto ule.

Lakini kusali ni mwanzo tu. Imani ya mwanafunzi hupimwa hasa pale ambapo kundi linamtaka atende jambo, au anyamaze. Tutaje mifano miwili.

Wa kwanza ni mtihani. Si siri kwamba matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, huwamo watahiniwa waliofutiwa matokeo yao kwa sababu ya udanganyifu. Kabla ya kufika huko pamekuwa na mazungumzo bwenini usiku. Mmoja amesikia kwamba karatasi zinauzwa. Mwingine amepita na daftari akiandika majina na michango. Anafika kwa kijana wetu Mkatoliki, kiongozi wa kwaya labda, na kumwambia: "Sote tumeshatoa. Wewe tu." Akikataa ataitwa msaliti. Akikubali atakuwa ndugu. Kumbe maneno yenyewe yamegeuzwa: udugu umekuwa jina la wizi, na uaminifu umekuwa jina la usaliti.

Wa pili ni kuwaonea wadogo. Yupo mtoto wa kidato cha kwanza ambaye sanduku lake limefunguliwa na sukari yake imeliwa. Huamshwa usiku kuwafulia wakubwa nguo. Siku hizi hata wakiwa likizoni, vijana hupelekeana kwa simu picha ya mwenzao iliyopigwa wakati wa aibu yake, na kila anayeipokea hucheka kidogo na kumpelekea mwingine. Ukimwuliza mmoja wao, "Nani aliyemwumiza mwenzenu?" atakujibu kwa moyo safi kabisa kwamba si yeye. Kila mmoja alicheka kidogo tu.

Hapo twafika kwenye kiini cha neno letu. Vijana husema kwamba wanalinda umoja, na umoja ni nguvu. Sisi twakubali kwamba umoja ni nguvu, lakini nguvu peke yake haijatuambia kama ni njema. Hata wale wezi wa mapeasi walikuwa na umoja. Kwa hiyo twapendekeza kwamba mwanafunzi Mkristu, anapoalikwa katika umoja wowote, aulize swali moja: Umoja huu unalipiwa na nani?

Umoja wa kununua mtihani unalipiwa na mtoto mwingine aliyeko katika shule ya mbali, ambaye hakuwa na fedha za kuchanga, akasoma kwa taa ya koroboi, na nafasi yake ikachukuliwa. Hulipiwa pia, miaka ijayo, na mgonjwa atakayetibiwa na mganga asiyeijua kazi yake. Umoja wa bwenini unalipiwa na yule mdogo anayefua nguo usiku. Umoja wa simu unalipiwa na yule ambaye picha yake inazunguka. Katika kila umoja wa namna hii yupo mmoja aliyetolewa ili wengine wastarehe. Shauri la kumtoa mmoja kwa ajili ya wengi sisi Wakristu twalifahamu vizuri. Lilikuwa shauri la Kayafa, na aliyetolewa alikuwa Bwana wetu.

Yesu mwenyewe alifundisha kinyume chake. Katika mfano wa mchungaji mwema, kondoo tisini na tisa wanaachwa ili atafutwe mmoja aliyepotea. Kwa hesabu ya dunia jambo hilo ni upumbavu, maana tisini na tisa ni wengi kuliko mmoja, na wengi wape. Lakini ndiyo hesabu ya Injili: kundi lililokubali kumpoteza mmoja kwa makusudi si kundi la Kristu tena, hata kama ni kubwa, na hata kama linaimba vizuri Dominika.

Je, haya ni maneno tu ya kuandika gazetini, ambayo vijana hawawezi kuyatenda? La. Tunao jirani zetu waliyoyatenda, nao walikuwa wanafunzi.

Katika Jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi, ipo seminari ndogo ya Buta. Nchi hiyo ilikuwa imeingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu rais wake, Melchior Ndadaye, alipouawa mwezi wa Oktoba 1993. Shule nyingi zilikuwa zimegawanyika, Wahutu huku na Watutsi kule. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliivamia seminari hiyo, wakawakuta vijana bwenini mwao. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Kila kijana alielewa maana ya amri ile. Waliokuwa wa kabila la wavamizi walikuwa wameonyeshwa mlango wa kutokea, na bei ya mlango huo ilikuwa kuwatoa wenzao. Hawakujitenga. Waliuawa pamoja, vijana 40. Leo twawaita mashahidi wa udugu, na mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilianzisha rasmi shughuli za kuomba watangazwe wenye heri.

Tafadhali, wasomaji wetu, tusipite hapa upesi. Wale hawakuwa malaika. Walikuwa vijana wa shule, wenye masanduku na magodoro kama ya watoto wetu, waliochukia uji wa asubuhi na kuogopa mtihani wa hesabu kama vijana wote. Nao hawakupata nafasi ya kufanya mkutano alfajiri ile na kuamua. Walikuwa wameshaamua zamani, katika mambo madogo. Walikuwa wamelelewa kuzungumza wazi juu ya ukabila badala ya kuuficha, kusali pamoja, kucheza pamoja na kula meza moja. Mtu aliyezoea kumtoa mwenzake kwa ajili ya kijiko cha sukari hataweza kufa naye. Na aliyezoea kusimama karibu naye wakati wengine wanacheka, huyo, siku ikifika, hatahitaji kufikiri sana.

Hapo twaona kosa la msemo wetu. Kifo cha vijana wa Buta kilikuwa cha wengi, lakini idadi yao siyo iliyokitia utukufu. Hata kama mmoja peke yake angalibaki na wenzake wakakimbia wote, tendo lake lingalikuwa jema vilevile. Na hata kama darasa zima likinunua mtihani, kila mmoja atasimama peke yake mbele ya Mungu akiwa na karatasi yake mkononi. Wingi hauongezi wema wa jambo, wala haupunguzi ubaya wake. Unaweza tu kutupa ujasiri wa kutenda lile tulilokwisha kulipenda.

Mwanafunzi atatuuliza: "Basi mwataka niwe mpelelezi wa mwalimu?" Hatutaki hivyo. Injili ya Mathayo, katika sura ya 18, yatupa utaratibu ulio bora: kwanza mwendee ndugu yako faraghani, kisha pamoja na mmoja au wawili, na mwisho peleka shauri kwa Kanisa. Kijana aanze na rafiki yake, wawili tu, wakienda kuteka maji. Amwambie: "Mimi sitachanga, na wewe nakuomba usichange." Mara nyingi atagundua kwamba mwenzake naye alikuwa akingoja mtu wa kwanza. Lakini pale ambapo mtoto anapigwa au kuharibiwa mwili wake, hapo asingoje utaratibu mrefu. Amwambie mwalimu, au padre, au mzazi, siku ileile. Kumwokoa anayeumizwa si usaliti hata kidogo.

Wala hatutamdanganya kijana huyu. Huenda akakataa kununua majibu, akapata daraja la chini kuliko walionunua. Huenda akachekwa muhula mzima. Mungu hakuahidi popote kwamba mkweli atapata daraja la kwanza. Alichoahidi ni kuwa pamoja naye, na sisi tunaoamini twasema kwamba hilo latosha. Kama hatuamini kwamba latosha, afadhali tukiri hivyo mbele ya watoto wetu kuliko kuwafundisha kusali kwa midomo.

Kwa bahati njema mwanafunzi Mkatoliki hakuachwa peke yake. Tangu shule nyingi za Kanisa zilipotwaliwa na Serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, vijana wetu wengi wamekuwa wakisoma katika shule ambazo hazina kikanisa wala masista, na huko chama cha TYCS kimekuwa nyumba yao. Vyama vya namna hii hutumia njia aliyoifundisha Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, baadaye Kardinali, ambayo Papa Yohane XXIII aliisifu katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961: kuona, kuamua, kutenda. Twaomba njia hiyo isiishie katika kupanga nyimbo za mahafali. Wana chama wakutane na waulize: Nani anakula peke yake bwaloni? Nani hajapata barua wala mgeni tangu muhula uanze? Nani anaonewa? Waamue, watende, wiki ijayo waulizane.

Tena chama hicho kisiwe ukuta. Katika shule za Serikali watoto wetu wanalala bweni moja na Waislamu, Walutheri na wengineo. Umoja wa Wakatoliki ambao unalipiwa na jirani wa dini nyingine ni umoja wa Kayafa kama ule mwingine. Mtoto wa Kiislamu aliyeibiwa wakati wa mfungo, naye ni yule kondoo mmoja.

Sasa twageukia wazazi, na kwenu tutasema wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ni walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Basi mtoto anaporudi likizo, tunamwuliza nini? "Umekuwa wa ngapi?" Swali hilo si baya, ila likiwa ndilo la pekee, mtoto huelewa haraka nyumba yake inaabudu nini. Tumwulize pia: "Rafiki yako ni nani? Kuna mtoto anayeonewa darasani kwenu? Wewe ulifanya nini?" Na wapo wazazi, twasema kwa masikitiko, wanaojua kabisa fedha waliyoombwa ni ya kununulia nini, nao huitoa, kisha Dominika huenda kupokea Komunio. Mzazi wa namna hiyo amemtia mwanawe rozari katika mkono mmoja na wizi katika mkono wa pili. Mtoto hataweza kushika vyote kwa muda mrefu. Samaki mkunje angali mbichi, wasema wazee, lakini yafaa mkunjaji ajue anamkunja kuelekea wapi.

Kwenu ninyi vijana tuna neno moja la mwisho. Kama mmekwisha kuanguka, kama mlicheka, kama mlinyamaza, msikate tamaa. Petro aliondoka penye moto ule akalia, na asubuhi moja ufukweni alimkuta Bwana wake amewasha moto mwingine, akimngoja kwa mkate na samaki. Augustino mwizi wa mapeasi amekuwa mwalimu wetu. Kitubio kipo kwa ajili yenu.

Muhula ujao, katika bweni lenu, atakuwamo mmoja ambaye kundi liko tayari kumtoa. Hamtaombwa kufa kwa ajili yake kama vijana wa Buta. Mtaombwa tu kwenda kukaa naye mezani, wakati wengine wanatazama. Nendeni mkakae. Hapo mtakuwa mmeutunza wosia wa mama zenu, maana aliyekaa na yule mmoja hakumsahau Mungu.